Wakia Kumi na Tisa

Miaka kumi na minane nimekaa Himo, kwenye mizani,
nikiyaambia malori: umezidi, rudi nyuma, shusha magunia manne.
Leo Jumamosi nimekuja Moshi mjini
na anayepimwa ni mimi.

Duka liko nyuma ya stendi, kati ya muuza tairi na kinyozi.
Mna jezi, mna nyavu, mna vikombe vya shaba visivyo na mshindi,
na konani, zimesimama kama wanafunzi waliochelewa,
fimbo kumi na moja za puli.

"Ya mtoto?" anauliza Anandumi, mwenye duka.
"Yangu."
Analitazama tumbo langu, kisha viatu vyangu vya kazi,
kisha hasemi kitu. Huo nao ni ushauri.

Ya kwanza nyeusi, ya nyuzi za kaboni,
haisikii mvua wala jua. Laki tatu na themanini.
Baridi kama bomba la Julai.
Fimbo isiyonukia mti, tutaelewana vipi?

Ya pili ina joka la dhahabu mpinini.
Imechorwa vizuri, imenyooka vibaya:
niliilaza juu ya kioo cha kaunta nikaiviringisha,
ikaenda ikichechemea.
"Hiyo wananunua wa kupiga picha," akacheka.

Ya tatu mbao nyeupe, vipande viwili,
skrubu ya shaba katikati.
"Wakia kumi na tisa."
Wakia! Mimi mtu wa tani.
Nikaiazimia mzani wa sukari duka la pili:
gramu mia tano na arobaini, pamoja na karatasi.
Nusu kilo, na ya chai ya wageni wawili.

Zamani, pale Majengo, hatukuchagua.
Fimbo zilikuwa tatu, zote zimepinda, zote zina majina:
Upinde, Mjane, na Shemeji,
huyo amefungwa utepe wa fundi umeme shingoni,
ukimwegemea sana anakubana kidole.
Chaki moja, imechimbwa mpaka imekuwa kikombe,
imefungwa kamba mezani kama kalamu ya benki.
Mkono ukitoa jasho, poda ya mtoto wa mwenye baa.
Na Elirehema, Mungu amrehemu kama jina lake,
alitufunga wote kwa mpini wa fagio,
akala mshahara wangu wa Novemba,
nikaapa kitambaa cha kijani sikigusi tena.
Kiapo kimedumu kuliko yeye.

"Na glovu? Ya vidole vitatu."
Nikaivaa. Nikafanana na fundi aliyepata ajali ndogo.
Nikachukua chaki mbili za buluu, msasa wa ncha, mfuko wa turubai.
Glovu nikaiacha.
Nikafika mlangoni, nikarudi kuichukua.

Nyuma ya risiti nikamwandikia mke wangu:

  Fimbo nimeinunua, bei usiniulize,
  Mfuko nitaufua, uvunguni niulaze,
  Mizani naitambua, uzito usinilize,
  Nusu kilo si ya lori, mke wangu nisikize.

Sikumpa.
Nilisema ni bomba la pazia.

Jumapili jioni, Majengo. Baa imebadili rangi, meza ni nyingine.
Kijana mmoja, Witnesi wanamwita, ameshika fimbo ya ukutani
iliyopinda kama swali,
ananiangalia nikiunganisha skrubu. Baa nzima inaniangalia.
Nikapaka chaki. Nikainama; mgongo ukatoa maoni yake.
Kisha mkono ukakumbuka.
Sijui ulikuwa wapi miaka yote hiyo, lakini ulikumbuka:
nne mfululizo, ya tano kwa kona,
na kimya kile, kimya cha zamani, watu wanaweka chupa chini.

Ukabaki mweusi. Nikaupiga taratibu, ukaingia.
Mweupe ukaufikiria,
ukaufuata.

"Mzee, fimbo nzuri," akasema Witnesi, akikusanya pesa.

Nikafungua vipande, nikavifuta kimoja kimoja.
Nyumbani Aikaeli alikuwa ameshatoboa ukuta,
matundu mawili, vipimo sahihi,
pazia mkononi,
ananisubiri.